Namna ya Kuiba Usiku Mzima kwa Kijiko cha Hamira

Kesho asubuhi una wageni. Uliwaahidi mahamri, tena uliahidi mbele za watu, ukasema utakanda mwenyewe. Sasa ni saa nne za usiku, nazi haijavunjwa, unga ungali kwenye mfuko wake wa karatasi na macho yanakufumba. Usitishike. Vuta kiti, keti karibu, nikwambie mambo ambayo wapishi wetu huyafanya na hawayasemi.

Unachokitaka ni sifa. Usione haya, sote twazitaka. Unataka mama mkwe alivunje hamri katikati, aone lilivyo tupu ndani kama kibuyu, harufu ya iliki impande puani, kisha akuulize uliamka saa ngapi. Sifa hiyo yapatikana bila kuamka. Nimeipata hapa Kisauni, Mombasa, si mara moja wala mbili, na njia yake nitakupa yote.

Kabla hatujaingia jikoni, shika neno moja. Hakuna mlaji anayeonja usingizi ulioukosa. Anachoonja ni tui, iliki na mafuta yaliyopata moto sawasawa. Basi punguza jasho popote pengine upendapo, lakini kwenye nazi usimpunje mtu.

1. Jua unachokiiba

Bibi yangu hakuijua hamira ya paketi mpaka uzeeni. Yeye aliumua unga kwa tembo la mnazi. Mgema alimletea chupa iliyozibwa kwa makumbi, kwa sababu ukiikaza kwa kifuniko tembo hukirusha. Alilichuja kwa kitambaa, akalitia ungani pamoja na tui, akakanda hata jasho likamtoka kwenye nyusi, kisha akafunika sufuria kwa leso kuukuu na kuiweka ubavuni mwa seredani yenye majivu ya moto. Alfajiri alikuwa akifunua anachoma kidole ungani, anakinusa, kisha ama awashe makaa ama arudi kitandani. Sijamwona hata siku moja akitazama saa.

Tembo lile halikuwa na siri kubwa. Utomvu wa karara ukidondoka kwenye kibuyu cha mgema hukuta chachu inayoungoja, ya hewani na ya kibuyu chenyewe, nayo huanza kula sukari papo hapo. Ndiyo maana tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na likikaa siku chache huwa siki. Bibi alikuwa akiazima chachu hiyo ifanye kazi kwenye ngano. Hata jina lenyewe lasema: mahamri ni kitu kilichotiwa hamira, na hamira ni neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na hamri ya kulewesha.

Hamira kavu ni kiumbe hichohicho, ila kimekaushwa kikalala. Kila gramu ina mabilioni yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Fleischmann ya Marekani ilitengeneza hamira ya chembe kavu kwa ajili ya jeshi, maana hamira mbichi bila barafu huoza upesi na askari huko waliko hawana friji. Mwaka 1973 Wafaransa wa Lesaffre wakatoa ya chembe ndogo zaidi, unaitia ungani moja kwa moja bila kuiloweka. Joto lililowashughulisha Wamarekani ndilo joto letu la kila siku. Kwa hiyo ukiishika ile paketi usijione umemsaliti bibi. Umeuchukua usiku wake ukautia mfukoni.

2. Nunua ndogo

Dukani kuna paketi ya nusu kilo iliyonyonywa hewa ikawa ngumu kama tofali. Bei yake kwa hesabu ya gramu ni nzuri, nayo itakushawishi. Iache, isipokuwa unakaanga kila siku. Ukishaifungua tu, unyevu wetu wa baharini huingia, na wiki zikipita viumbe wale huzidi kufa na wewe huna habari. Mnunuzi wa mara moja kwa mwezi achukue kipaketi kidogo, akitumie, akitupe. Kikibaki kidogo, kitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, kisha kwenye friza. Juu ya kabati la jikoni, pale mvuke wa sufuria unapopanda, ni kaburi la hamira.

Una paketi ya zamani na duka limefungwa? Ijaribu. Nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha sukari, kijiko cha hamira. Hesabu dakika 10. Ikitoa povu zito linalopanda kama la sabuni, iko hai. Ikibaki tope la kahawia chini ya kikombe, imwage, wala usijipe moyo kwamba itaamka ikifika ungani. Haiamki.

3. Hapa usiibe

Nazi. Nenda soko la Kongowea mchana, tikisa, sikiliza maji, kagua yale macho matatu kama yana ukungu. Kukuna kwa mbuzi si lazima. Mashine ya sokoni ni halali, na blenda ni halali zaidi. Nazi moja kubwa yatosha unga wa nusu kilo, na ukiweza kuongeza nusu nyingine utajishukuru.

Sasa sikiliza kitu ambacho kitakuokolea dakika 20 na aibu ya mwaka mzima. Nazi iliyokunwa ikamulie maji yaliyopata moto kidogo, ya kiasi ambacho ungeweza kumwogeshea mtoto. Maji hayo hutoa mafuta ya nazi vizuri kuliko ya baridi, na tui linalotoka tayari lina joto ambalo hamira inalipenda, nyuzi 35 na kitu. Hupashi tena. Hupozi tena. Tui la kwanza, lile kasimile zito, ndilo la ungani. La pili weka kando, litapikia mbaazi.

Nasisitiza hili la joto kwa sababu niliwahi kulipia. Siku moja kabla ya Idd, kwa haraka, nilichemsha tui likafura, nikalimimina ungani likiwa bado linatoa mvuke, nikatia hamira juu yake. Hamira hufa ikifika nyuzi 55 hadi 60. Nilifunika, nikalala kwa raha. Asubuhi nilifunua donge lilelile, ukubwa uleule, na alama za vidole vyangu za jana usiku zikiwa palepale. Wageni walikuwa wameshavuka feri ya Likoni. Nilichofanya baada ya hapo kiko mbele, kwenye fungu la 9.

Tui la paketi? Tumia ukiwa huna njia. Lipashe kidogo, na uongeze kijiko cha samli, maana mengi yametiwa maji. Lakini lile ulilokamua mwenyewe ndilo mama mkwe atalijua.

4. Pima hamira kwa haraka uliyo nayo

Vipimo vya unga havibadiliki: nusu kilo ya unga mweupe, nusu kikombe cha sukari, kijiko cha chai cha iliki iliyotwangwa sasa hivi, chumvi ya kubana kwa vidole, na tui kikombe kimoja na kidogo juu yake, ukilitia polepole hadi unga ushikane. Kinachobadilika ni hamira, na hiyo hupimwa kwa saa ulizobakiwa nazo.

Uko Likoni, lazima uwe kwenye feri kabla umati haujajaa, na unataka kubeba mahamri ya moto kazini ng'ambo? Lala mapema. Tia robo kijiko cha chai tu cha hamira, kanda saa tatu au nne za usiku, funika, uache mezani. Ndiyo, robo. Joto la Mombasa na saa saba za usiku zitamaliza kazi. Mwaka 2006 mwokaji wa New York, Jim Lahey, alipata umaarufu wa dunia kwa mkate wa robo kijiko cha hamira usiokandwa, uliolazwa saa 12 hadi 18. Kwao kuna baridi. Sisi hatuhitaji muda wote huo. Nami nakwambia kwa moyo mweupe kwamba katika njia zote hii ndiyo yenye ladha iliyo karibu zaidi na tembo la bibi, kwa kuwa hamira ikiwa kidogo ikapewa muda, unga hupata uchachu mwembamba ambao haraka haiwezi kuuiga. Mvivu ndiye anayeipata. Mwenye pupa anaikosa.

Uko Changamwe, umetoka zamu ya usiku bandarini, unafika nyumbani saa moja na watoto wanataka kula? Vijiko viwili vya chai. Saa moja na nusu katika kaskazi, mbili ikiwa ni kusi, na unga uko tayari. Tumia muda huo kuoga na kulala kidogo.

Uko Kisauni, wageni ni wa saa nne za asubuhi na wewe umeamka saa kumi na mbili kama binadamu wengine? Kijiko kimoja, saa tatu. Usijisumbue zaidi.

Na friji? Wengi hushauriana kuulaza unga kwenye friji, na kwa unga wa maji au maziwa wako sawa. Unga wa tui una tabia yake. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi utatoa kitu kigumu kama ubao na utadhani umeharibu. Hujaharibu. Uache mezani saa nzima, joto la nyumba litaulainisha, kisha endelea. Kama huna hiyo saa nzima, unga usiingie kwenye friji kabisa.

5. Unga ujikande

Hapa ndipo watu huumia mikono bure. Changanya unga, sukari, chumvi, iliki, hamira na tui mpaka usionekane unga mkavu. Usikande. Ufunike kwa leso mbichi, uondoke. Chemsha chai, piga simu kwa dadako. Baada ya dakika 20 rudi, ukande dakika tatu tu. Utashangaa: lile donge lililokuwa na mikwaruzo kama gamba limekuwa laini, lavutika kama ndewe ya sikio. Ngano ikishalowa huanza kujisuka yenyewe kwa ndani, na ulichofanya ni kuisubiri. Dakika tatu hizo zifanye wakati kuna mtu jikoni. Zifanye kwa nguvu, ujikunjie mikono, umwombe akufute paji la uso.

Mdalasini usiutie. Najua wapenda. Hulegeza hamira, na iliki haitaki mshindani. Utie kwenye chai.

6. Mahali pa kuulaza

Kuanzia Desemba hadi Machi huna shida. Jikoni kwetu ni tanuri, na kama uko kwenye nyumba ya mabati angalia tu usipitilize. Shida ni Julai na Agosti, upepo wa kusi ukivuma na usiku joto likishuka hadi nyuzi 20 na kitu. Unga husinzia. Hapo chukua hotipoti ya chapati, isuuze kwa maji ya moto, imwage, ifute, utie unga ndani na ufunike. Itaushikia joto saa mbili bila makaa wala stima. Ukubwa wa hotipoti uwe mara mbili na nusu ya donge, la sivyo kifuniko kitainuka na nusu ya unga itashinda juu ya meza.

Kujua kama umeiva, fanya kama bibi. Chovya kidole kwenye unga mkavu, kichome hadi kiungo cha kwanza, ukitoe. Tundu likijaa upesi, bado. Likijaa polepole likabaki na kidimbwi, sasa. Likibaki wazi na unga ukalegea kama puto lililochoka, umechelewa, na fungu linalofuata lakuhusu.

7. Ukinuka kama mangweni

Ukizidisha hamira, au ukiuacha unga kupita saa zake, utafunua ukaribishwe na harufu ya bia. Pua haikudanganyi. Hamira inayokula sukari hutoa hewa na kileo pamoja, na hamira ya mkate na hamira ya bia nyingi ni jamii moja, ile ambayo wataalamu huiita Saccharomyces cerevisiae. Wajerumani wa Bavaria wana bia yao ya ngano inayonukia ndizi mbivu na karafuu, na hakuna aliyetia ndizi wala karafuu mle. Ni hamira peke yake. Sheria yao ya bia ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, maji na hopsi. Hamira haikutajwa, kwa kuwa kazi yake haikuwa imejulikana. Ilibidi kungoja karne ya 19 na watu kama Louis Pasteur. Kwa hiyo usijilaumu. Ngano yako, ikishalowa na kupata hamira, haijui kama inaelekea karaini au pipani. Ni juu yako kuikatiza safari.

Ikatize hivi. Bonyeza unga kwa ngumi mpaka hewa yote itoke, ukunje mara nne au tano. Ongeza iliki nusu kijiko na sukari kijiko kimoja cha mezani, kwa maana ile ya kwanza imeshaliwa, na mahamri yasiyo na sukari ya kutosha hayapati rangi. Upumzishe dakika 15, usukume na ukaange mara moja. Kileo hutoka na mvuke karaini, harufu ya iliki hupanda, na atakayejua kilichotokea ni wewe na mimi.

8. Karai

Sasa amka kidogo, maana hapa hamna njia ya mkato niliyoiona ikifanya kazi.

Gawa unga madonge manne au matano. Sukuma kila donge liwe duara la unene wa nusu sentimita, si chapati. Likiwa jembamba halitafura, likiwa nene litabaki na unga mbichi tumboni. Kata msalaba, upate pembe tatu nne. Panga kwenye sinia lililonyunyiziwa unga, funika kwa leso, dakika 20. Isipokuwa kwa unga ule wa fungu la 7, pumziko hili la pili usiliruke hata ukiwa na haraka ya mgonjwa. Ndilo linalopuliza lile tumbo.

Mafuta yawe ya kina, vidole vitatu. Tupa kipande cha unga kama kunde. Kikizama kikakaa, ngoja. Kikizama na kupanda papo hapo kikizungukwa na viputo, anza. Kikiwa cheusi kabla hujahesabu kumi, epua karai. Tia hamri moja, upande uliokuwa juu kwenye sinia uangalie chini. Na hapohapo, kwa kijiko kirefu, lichotee mafuta ya moto mgongoni, tena na tena. Litainuka polepole, upande mmoja kwanza, kisha lote kwa mpigo, kama mtu aliyevuta pumzi. Nimeliona hilo mara zisizo na idadi na bado huita watu waje watazame. Geuza mara moja tu. Likipata rangi ya ngozi ya tende mbichi, litoe, lisimamishe ukingoni mwa kichujio lichuruzike.

Yatakayofura vizuri yatakuwa kama saba katika kumi. Hayo saba ndiyo ya kwenye sahani ya wageni, yapange juu. Matatu yaliyobapa wape watoto jikoni. Watoto hawajali, nayo yaliyobapa hushika mbaazi vizuri zaidi.

9. Ukiharibu

Unga haukuumuka kabisa, kama wangu ule wa Idd? Usiuombee. Ugawe, sukuma vyembamba, paka samli, kunja, sukuma tena, choma kwenye chuma cha chapati. Una chapati za tui na sukari na iliki, na ukiziweka mezani bila kusema kitu, watu watadhani ndizo ulizokusudia. Mimi niliziweka, na mgeni mmoja kutoka Mtongwe aliniomba maelezo ya jinsi ya kuzipika, na kwa heshima yote nilimpa.

Unga umekuwa maji kwa sababu ulimimina tui lote mara moja? Usiongeze unga mkavu hadi ukawa gogo. Ongeza tui kidogo uwe kama uji mzito, uufunike saa moja, kisha chota kwa vidole udondoshe karaini viduara. Pika shira ya sukari, uvitie vikiwa vya moto. Hizo ni kaimati, na hakuna aliyewahi kununa kwa kuletewa kaimati alipoahidiwa mahamri.

Yamefura lakini yamekuwa meusi nje? Yavunje vipande, yapange kwenye bakuli, mwagia mbaazi juu yake zenye tui zito hadi yasionekane.

10. Ukishindwa kabisa

Kuna asubuhi ambazo stima imekatika, mtoto ana homa na unga umelala. Shuka njiani. Iwe Magongo, iwe Mlaleo, iwe karibu na kivuko cha Likoni, kuna mama mwenye karai na mahamri mazuri kuliko yangu na yako. Nenda na hotipoti yako, usirudi na karatasi ya gazeti, kwani mafuta ya karatasi ndiyo shahidi wa kwanza. Fika mapema kabla ya wanafunzi na wafanyakazi. Nyumbani tawanya unga kidogo kwenye kibao cha kusukumia na ukiache mezani. Mbaazi zipike mwenyewe, kwa lile tui lako, na hapo nusu ya sifa itakuwa yako kwa haki.

Lakini mama yule mtendee vyema. Ndiye aliyeamka saa tisa ya usiku kweli. Aliukanda unga wake kwenye beseni kubwa akiwa ameinama, na moshi wa karai lake ameumeza kabla wewe hujaswaki. Akikwambia bei, mlipe bei. Usimwombe akuongezee mawili ya bure. Na siku jirani yako atakapokuwa akitafuta mtu wa kumkaangia mahamri ya harusi au ya hitima, mtaje yeye. Mpelekee oda. Huwezi kuvaa sifa za mtu bila kumrudishia kitu, na yeye kinachomfaa ni wateja.

11. Kupokea sifa

Mama mkwe amelivunja. Mvuke umetoka. Ametazama ndani, amekutazama wewe.

"Mwanangu, uliamka saa ngapi?"

Usiseme uongo, hauhitajiki. Sema, "Unga niliukanda jana usiku, mama." Ni kweli tupu. Kisha mmiminie chai kabla hajauliza la pili.

Akisema, "Yananikumbusha ya tembo," inamisha kichwa, umshukuru. Usimtajie robo kijiko. Akitaka kujua siri, mwambie ni nazi, mwonyeshe na kifuu, umwambie uliinunua wapi na kwa nini uliikamua kwa maji ya uvuguvugu. Hapo utakuwa umempa siri yenyewe, na huenda asiiamini.

Hatari inakuja baada ya hapo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu wamesifu, sahani imekwisha, wanaomba zaidi, na wewe uko jikoni na tui lililobaki nusu kikombe. Mkono utakuvuta kwenye bomba. Uzuie. Ni kwa ajili ya dakika hiyo nilikwambia uongeze nusu nazi sokoni. Ikamue sasa, kanda duru ya pili ndogo, vijiko viwili vya hamira, saa moja na nusu, wageni wakiendelea na mazungumzo barazani.

Akitaka kuondoka na machache avuke nayo feri, mchagulie sita yaliyofura. Tandika kitambaa kikavu chini ya kontena, yasimamishe ubavu kwa ubavu, usiyalaze. Kifuniko kiweke juu tu, usikikaze mpaka yapoe, la sivyo mvuke utayalegeza yote kabla hajafika ng'ambo. Na kwenye kimfuko cha pembeni mtilie mbaazi, zile za tui la pili, nzito, zenye pilipili mbuzi moja nzima juu yake.